Kicheko Kilikuwa Upande wa Pili

Jumatatu hiyo Radi alifika kazini kabla ya mfagiaji, na hilo peke yake lingemshtua yeyote aliyemfahamu. Miaka kumi na miwili alikuwa akifika wa mwisho, kandambili miguuni, akilaumu foleni. Daftari, mwenzake wa kazini, alimkuta ameketi kwenye kochi la igizo, taa kubwa hazijawashwa, mikono ameibana katikati ya magoti kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari.

"Leo jua limetokea wapi?" Daftari akamuuliza.

"Dada yangu," Radi akasema, "nimeshawapa barua. Msimu huu ukiisha, sirudi."

Daftari akacheka. Radi hakucheka. Hapo ndipo Daftari naye alipoketi.

Igizo lenyewe liliitwa *Ukuta Mmoja*, na lilikuwa kichekesho cha televisheni kilichorekodiwa mbele ya watazamaji, kuhusu nyumba mbili zinazogawana ukuta. Upande wa kushoto aliishi Bwana Radi, mtu mwenye mdomo mkubwa na akili ya kukopa, pamoja na mkewe Mama Pole. Upande wa kulia aliishi Jirani. Huyo Jirani hakuna mtazamaji aliyewahi kumwona. Alikuwa mzee mmoja mpole aliyekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya ukuta wa mbao, na kazi yake ilikuwa moja tu: Radi akipiga kelele, yeye hugonga ukuta mara tatu. Siku za sherehe alikohoa pia.

Watu wa kazini walikuwa wamezoeana kwa majina ya igizo hata ya kwao yakasahaulika. Radi aliitwa Radi hadi kwenye kadi ya mlangoni. Daftari hakuwa mwigizaji, lakini naye alipata lake kwa sababu hakuonekana bila daftari. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha jana na leo hazigombani. Kama mwaka wa pili Bwana Radi alisema anaogopa paka, basi mwaka wa tisa asionekane amembeba paka. Kama shati lilikuwa limekosa kifungo kabla ya chakula cha mchana, baada ya chakula likose kifungo hichohicho. Alikuwa amejaza madaftari thelathini na moja.

"Kwa nini lakini?" akamuuliza Radi.

"Nimechoka tu." Akainuka, akaenda kupakwa poda. Daftari aliijua sauti hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, na aliona kwamba jibu hilo halikuwa limekomaa.

Mchana wakaitwa wote chumba cha mikutano. Mwongozaji, mtu mfupi ambaye miwani yake ilikaa kwenye paji la uso huku yeye akiitafuta mezani, hakutaka kuzunguka mbuyu.

"Daftari, tumeshawahi kuondokewa mara ngapi, na tulifanyaje?"

Daftari akafunua. "Bibi, msimu wa tatu. Tulimzika."

Wakaguna wote, maana hakuna aliyesahau. Mwigizaji wa Bibi alikuwa ameondoka kwenda kuishi na mwanawe, hakuwa na neno na mtu. Lakini kipindi kilipoonyeshwa, kesho yake akina mama watatu walikwenda nyumbani kwa mwanawe kutoa rambirambi. Wakamkuta marehemu uani anaanika shuka. Mmoja alikimbia akaacha kiatu.

"Mpangaji, msimu wa tano. Tulibadilisha mtu."

Mpangaji wa pili alikuwa mfupi kuliko wa kwanza kwa kichwa kizima. Siku alipoingia, Bwana Radi alimtazama kuanzia juu hadi chini akasema, "Nilikuonya, kuoga kila siku kunapunguza mtu." Watazamaji wakacheka, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

"Na Binti?" Mama Pole akadakia.

Binti yao wa igizo alikuwa amepanda ghorofani msimu wa sita kuchukua taulo, na hadi siku ile hajashuka. Msichana aliyemwigiza alipata nafasi ya masomo, akaondoka kwa haraka, na wao wakasema watazamaji hawatagundua.

"Barua bado zinakuja," Daftari akasema. "Ya mwisho ni ya mwezi jana. Anauliza kama taulo limepatikana."

Hata Radi alitabasamu. Kisha Mama Pole, ambaye nje ya igizo hakuwa mpole hata kidogo, akapiga meza kwa kiganja.

"Mimi nasema mapema. Mkimuua mume wangu, nami naacha. Sina nguvu za ujane wa televisheni. Nikienda sokoni nitapewa pole na kila muuza vitunguu, na vitunguu sitauziwa."

Basi wakaamua kubadilisha mtu. Radi akamaliza wiki mbili zilizobaki za msimu, akakumbatiwa, akakatiwa keki, akaenda zake. Hakuhutubia. Watu walishangaa kidogo, wakasema labda uchungu.

Aliyekuja kujaribiwa alikuwa kijana aliyejulikana kwa kumwigiza Radi kwenye maharusi. Wafanyakazi walimpa jina kabla hajamaliza kunywa maji: Kasuku. Na kwa kweli alikuwa kasuku. Ukifumba macho ungeapa Radi yumo chumbani. Walimpa tukio la kiatu, linalojulikana na kila mtu. Akasimama mbele ya Mama Pole, akavuta pumzi, akanguruma:

"Kiatu changu cha kushoto kimekwenda wapi, na nani kakiruhusu?"

Wote wakacheka kwa namna alivyofanana. Wakarudia. Mara ya pili wakatabasamu. Mara ya tatu fundi wa taa alikuwa akiangalia simu yake.

Mwongozaji akavua miwani kwenye paji. "Sauti ipo. Mabega yapo. Hata jasho lipo. Sasa kimekosekana nini?"

Swali hilo lilimwingia Daftari kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Miaka yote ameandika nani kashika nini kwa mkono upi, na hajawahi kuandika watu wanacheka kwa nini. Alijiona kama karani aliyehesabu magunia bila kujua ndani mna nini.

Kesho yake akaenda chumba cha kanda, akaazima saa ya kupimia mbio, akaanza kutazama vipindi vya zamani. Hakuvitazama kama mtazamaji. Radi akifungua mdomo, anabonyeza. Watu wakicheka, anabonyeza tena. Akaandika sekunde. Mwanzo akadhani saa imeharibika. Akaibadilisha.

Watu hawakuwa wanacheka Radi anapopiga kelele. Kelele zilipita, ukumbi ukanyamaza. Sekunde moja. Mbili. Wakati huo kamera ilikuwa imeshamgeukia Mama Pole, ambaye daima alikuwa anakunja nguo. Naye hafanyi kitu. Anaendelea kukunja. Pengine mkono wa shati unabaki hewani kidogo, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka kwa mbali. Hapo ndipo kicheko kilipoporomoka.

Alipima vicheko vikubwa arobaini. Thelathini na vitatu viliangukia usoni pa Mama Pole.

Akarudi kwenye mkanda wa Kasuku, na sasa akaona. Kasuku akishapiga kelele ya kwanza alikuwa ameshajaza mapafu kwa ya pili. Hakumtazama mke. Radi alimtazama. Akishanguruma alitulia, akamkodolea macho mkewe kama mtoto aliyerusha jiwe juu ya bati la watu na sasa anasikiliza litaangukia wapi.

"Kumbe," Daftari akasema peke yake. Fundi wa kanda akageuka kuuliza kumbe nini, lakini yeye alikuwa ameshafunga daftari.

Udadisi ukizaa, hauzai mmoja. Je, Radi mwenyewe alijua? Na kama alijua, kwa nini ameondoka? Daftari alijua saizi ya kiatu cha mtu huyu, alijua shavu lipi huchubuka akinyoa, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza habari za nyumbani ikazidi "hawajambo". Jumamosi akachukua kandambili zilizosahauliwa chumba cha nguo, akazifunga kwenye mfuko, zikawa sababu ya kwenda nyumbani kwa Radi.

Mlango ulifunguliwa na mama yake Radi, mzee, mwembamba, mwenye macho ya kukagua.

"Wewe ndiye yule unayeandika kila kitu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia. Lakini hapa usiandike."

Radi alikuwa sebuleni amepiga magoti, anarekebisha bawaba za kabati. Alipoziona kandambili alicheka, akajua ni kisingizio, akavuta kigoda.

"Uliza tu, dada. Umebeba swali tangu Jumatatu ile."

Daftari akauliza. Radi akachukua muda kufuta mikono.

"Kaka yangu alifariki miezi minne iliyopita. Mnakumbuka, niliomba ruhusa ya siku tatu. Siku ya mazishi nikaambiwa niseme machache kwa niaba ya familia. Nilikuwa nimeandika, karatasi ninayo mpaka leo. Nikasimama. Nikasema, 'Ndugu zangu.' Maneno mawili, basi. Mtu mmoja akacheka."

Daftari akasogeza kigoda karibu.

"Akafuata wa pili. Halafu ikawa kama chafya, kila mtu anajizuia na hawezi. Shemeji yangu, mke wa marehemu, machozi yanamtiririka, naye akacheka. Hawakuwa na ubaya, dada. Usiwafikirie vibaya. Ni hii sauti. Wameizoea Alhamisi kwa Alhamisi, ikawa ni kengele: ikilia, wanacheka. Nikakunja karatasi nikaketi. Kaka yangu kazikwa mimi sijamsemea."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Hakuwa anajificha.

"Basi ndiyo hivyo," Radi akasema. "Nataka niishi kidogo mahali ambapo nikisema 'ndugu zangu', watu wangoje kusikia kinachofuata."

Wakanywa chai. Daftari akaona si vizuri kuondoka na zito hilo tu, na tena lile swali lingine lilikuwa bado linamwasha. Akamweleza habari ya saa na vicheko arobaini. Radi akaangua kicheko ambacho hakuna kamera iliyowahi kukinasa, kicheko chembamba, cha puani.

"Mwaka wa pili niligundua! Nikaona wivu. Nikasema huyu mwanamke anakunja soksi, mimi nakauka koo, na kicheko anachukua yeye? Wiki tatu nikajaribu kumnyang'anya. Nikimaliza kelele, siachi pengo, naunganisha nyingine. Unajua nini kilitokea?"

"Hawakucheka."

"Kama nahutubia makaburi. Nikarudi kwenye adabu yangu. Tangu hapo mimi nilikuwa napiga hodi tu. Mwenye nyumba ni yeye."

"Umewahi kumwambia?"

"Thubutu! Ningemharibu."

Daftari alipoaga, mama alimsindikiza mpaka ngazini. Akamshika kiwiko.

"Mwanangu, nasikia mnakaa kupanga atoke vipi. Msimuue. Najua ni mchezo, sijawa mjinga. Lakini namwangalia kila wiki, na mmoja nimeshazika."

Daftari alipeleka maneno hayo kama yalivyo, hakupunguza wala kuongeza. Mwongozaji akashusha miwani machoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kasuku akashukuriwa kwa heshima, akarudi kwenye maharusi yake, ambako kwa hakika alikuwa mfalme. Na mwandishi wa igizo akaketi kutafuta njia ya mtu kuondoka akiwa hai. Bwana Radi, ikakubaliwa, ameitwa mji wa mbali kusimamia ghala la mjomba wake. Mama Pole amebaki.

"Amebaki na nani?" mwandishi akalalamika, akiitafuna kalamu. "Mtu akibaki peke yake ataongea na nani? Na pasi?"

Akampa dada wa kuongea naye kwenye simu. Karatasi zilipotoka, Mwongozaji akamwita Daftari.

"Ukurasa wa nne umebadilika. Kelele hazipo tena, kwa hiyo hakuna kugonga. Wagawie wote."

Daftari akawagawia. Alimpa Mama Pole, akawapa watu wa kamera, akampa wa taa. Lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa kwenye saa ya kupimia. Alitaka kuona, Radi asipokuwepo, ule muda wa kimya utakuwaje. Utazaa nini? Akaketi mbele kabisa, kidole juu ya kitufe.

Mazoezi yakaanza. Mama Pole akaketi kwenye kochi, kapu la nguo pembeni. Akakunja taulo. Akakunja shuka. Akafikia shati la mumewe, lile la mistari, akalishika. Kwenye karatasi ya zamani hapo ndipo Radi huingia kwa kishindo. Kwenye mpya, simu inalia. Lakini fundi wa sauti alichelewa kidogo na simu haikulia.

Kimya. Sekunde tatu. Nne. Daftari aliziangalia zikipita kwenye saa yake.

Nyuma ya ukuta kikasikika kiti cha plastiki kikilalamika. Halafu hatua. Kisha mlango wa igizo ukafunguka, mlango ambao kwa miaka kumi na miwili mtu huyu hakuwahi kuupita, na Jirani akachomoza kichwa, kipara, miwani minene, ukurasa wa nne wa zamani mkononi.

"Jamani," akasema, "mbona kimya? Nigonge au nisigonge?"

Chumba kizima kikapasuka. Mpiga kamera aliiacha kamera akaenda kuegemea ukuta. Jirani wa watu akasimama pale akitazama huku na huku, masikio yamemwiva kwa aibu.

Mama Pole peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika shati. Alimtazama mzee yule, sekunde moja, mbili, kisha akasema taratibu:

"Karibu. Miaka kumi na miwili, ndiyo unabisha hodi leo?"

Sasa hata Mwongozaji akainama akashika magoti. Alipopata pumzi akauliza, "Nani hakumpa huyu mzee ukurasa mpya?"

Daftari akasimama. Lilikuwa kosa lake la kwanza kuonekana mbele za watu. "Ni mimi. Nilisahau."

"Vizuri," Mwongozaji akasema. "Usimpe tena."

Mwandishi alishaanza kuandika akiwa amesimama, karatasi kwenye mgongo wa fundi wa taa. Kwa jioni moja kipindi kikabadilika: mtu aliyelalamikia kelele miaka nenda rudi anakuja kulalamikia ukimya. Kazoea kusinzia mchana kwa kelele za Bwana Radi; sasa usingizi umegoma. Anataka ajue ghala hilo litafungwa lini.

Waliporekodi mbele ya watu, Jirani alipochomoza kichwa, ukumbi kwanza ulishika pumzi. Kisha makofi. Mama mmoja kwenye safu ya mbele akasikika akimwambia mwenzake, "Mimi nilidhani kijana!" Makofi yalikuwa marefu mno, mzee akasahau maneno. Mama Pole akamngojea huku akikunja foronya, na huko kungojea nako kukachekwa.

Si wote walioridhika. Barua zilikuja za kusema bila Radi hawaangalii tena, na wengine kweli hawakurudi. Jirani alikuwa mgumu wa kukariri. Mtu aliyegonga mbao maisha yake yote utampa kurasa sita kwa siku? Kipindi cha tatu kilikuwa kibovu, na kila mtu alijua ni kibovu. Cha tano kikasimama. Kufikia cha nane, mwandishi aliacha kutafuna kalamu akahamia kucha.

Siku ya hicho cha nane, baada ya kazi, Daftari alimfuata Mama Pole chumba cha kujipodoa. Alikuwa na karatasi yake ya sekunde, ameiandika upya kwa mwandiko safi. Alikuwa ameibeba wiki nyingi, ikimwasha.

"Dada, nina kitu chako. Nimepima vicheko. Vya miaka yote. Nataka uone vinatokea wapi."

Mama Pole alikuwa anafuta wanja mbele ya kioo. Akamtazama Daftari ndani ya kioo, akaitazama karatasi, akageuza uso.

"Usinionyeshe."

"Ni habari njema."

"Ndiyo maana usinionyeshe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo naketi nakunja nguo, sijui mkono wangu unafanya nini. Nikijua, nitaanza kuutazama. Na mkono ukitazamwa unakuwa mkono wa mbao." Akatupa pamba. "Ichane, au iweke mahali ambapo sitaiona."

Daftari akaikunja. Alihuzunika kidogo, kama mtu aliyebeba zawadi hadi mlangoni akaambiwa wenyewe wamelala. Mama Pole akaendelea kufuta jicho la pili, kisha akasimama na pamba mkononi. Udadisi ni ugonjwa wa kuambukiza.

"Niambie moja tu. Radi alijua?"

"Tangu mwaka wa pili."

Mama Pole akaketi. Akavua hereni moja, akaishika bila kuiweka popote.

"Mjanja yule," akasema hatimaye. "Hebu nipe simu."

Aliyepokea alikuwa mama wa Radi, na kwa sababu alikuwa mzee, alizungumza kwa sauti iliyojaza chumba.

"Yupo hapa anapigilia misumari," akasema. "Lakini kabla sijamwita, mwanangu, niambie ukweli. Huko ghalani anarudi lini?"

"Mama," Mama Pole akajibu, "mimi mkewe mwenyewe sijaambiwa."

Kikasikika kicheko, misumari ikanyamaza, kisha sauti ya Radi. Mama Pole alikuwa amejiandaa kumgombeza, hata mkono alikuwa ameushika kiunoni. Lakini Radi alianza yeye, kwa upole. Akamweleza kwamba Jumapili alikwenda kwa shemeji yake, akawaketisha sebuleni yeye na watoto wa marehemu, akatoa ile karatasi. Aliposema maneno mawili ya kwanza, mtoto mdogo akacheka, na mama yake naye akashindwa kujizuia.

"Ukafanyaje?" Mama Pole akauliza.

"Nikangoja. Walicheka mpaka wakamaliza. Nikawatazama tu. Waliponyamaza, nikaendelea."

"Ukasema yote?"

"Yote. Na mengine ambayo sikuwa nimeyaandika."

Mama Pole akaushusha mkono kutoka kiunoni. Hakusema kitu kwa muda, na upande wa pili wa simu Radi hakumharakisha. Daftari akachukua daftari lake mezani, akatoka polepole, akauvuta mlango.